Wimbo Unafuata

Pakiti ya baiti elfu moja mia nne ilipita.

Ya elfu moja mia tano ikapotea. Haikurudi, haikulalamika, haikuacha hata alama. Iliingia kwenye redio, ikamezwa.

Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya viazi kwenye stoo ya duka la Pentti, kompyuta mapajani, nikirusha pakiti, vile vifurushi vidogo vya data, moja moja kwenda ng'ambo na kusubiri jibu lake. Tangu asubuhi kazi ilikuwa hiyo hiyo. Nikipunguza kidogo, inapita. Nikiongeza kidogo, kimya.

Mama mkwe wangu, Aune, alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya aproni.

"Umeondoka?"

"Bado, mama."

"Basi uache. Labda wenyewe hautaki kwenda."

Alikuwa anazungumzia wimbo wake.

Ndugu wasomaji, siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba kisiwa chetu kilikuwa maarufu ng'ambo kwa jambo ambalo hakuna hata mtu mmoja kisiwani aliyekuwa na habari nalo.

Nianze na tulivyokuwa tunaishi.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Kuusiluoto, kiko Ufini, na mimi nilioa hapo. Nimeishi na Wafini miaka mingi kiasi kwamba hata nikijigonga kidole nalia Kifini. Ufundi wa mitandao nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na mpaka leo hiyo ndiyo kasi yangu.

Enzi hizo simu ya mkononi ilikuwa ya kuongea na kutuma meseji, basi. Intaneti ya kisiwa ilikuja kwa redio kutoka mnara wa ng'ambo, na mtambo wote aliufunga Pentti, mwenye duka, bila kumdai mtu chochote.

Pentti alikuwa pia mpiga besi kwenye bendi ya kisiwa. Aune alipiga kodiani na kuimba. Walipiga muziki wa tango, zile tango za Kifini zinazokuliza huku miguu inacheza.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, kuna Tamasha la Nyimbo za Visiwa kule ng'ambo. Bendi haziendi, na sisi wa Kuusiluoto wakati huo tunabaki kujiandaa na sikukuu. Kila kisiwa hutuma wimbo uliorekodiwa kwa barua pepe, nao hupigwa kwa spika kubwa bandarini, watu wakicheza hadi wachoke.

Aune alikuwa ametuma miaka sita mfululizo.

Na kwa sababu alilelewa vizuri, hakuwahi kumtupia mtu mzigo mkubwa bila kubisha hodi. Kwanza alituma barua fupi: "Habari. Sisi ni bendi ya Kuusiluoto. Wimbo unafuata." Kisha ndipo alipotuma wimbo.

Kila mwaka jibu lilikuja siku hiyo hiyo: "Tumepokea. Tunashukuru sana."

Halafu basi. Hakuna aliyeandika tena.

"Wangeupenda, wangesema," Aune aliniambia wiki ile, akipangusa kodiani kwa kitambaa. "Wamepokea, wameshukuru, wamekaa kimya. Hiyo ni namna ya kistaarabu ya kusema hapana."

"Uliwahi kuwauliza, mama?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

"Mtu akikukataa kwa upole, humfuati kumuuliza kwa nini. Wa mwaka huu ndio wa mwisho. Wakinyamaza tena, kodiani naifunga kwenye sanduku lake na sanduku naliweka darini."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshapanda darini kupafagia.

Mwisho wa kupokea nyimbo ulikuwa saa kumi na mbili jioni, siku hiyo hiyo niliyokuwa juu ya kreti. Barua ya kubisha hodi ilikuwa imeondoka asubuhi kama risasi. Wimbo wenyewe, ambao nilisaidia kuurekodi, nilitaka tu kuuona ukitoka kwa macho yangu. Ndipo nilipoona, mimi niliyekuwa natuma barua fupi tu, kwamba hautoki. Unaanza, unakwama, unaanza, unakwama.

Basi nikaendelea kurusha pakiti.

Elfu moja mia nne na tisini na sita: ikapita.

Elfu moja mia nne na tisini na saba: kimya.

Nikarudia. Nikarudia tena, maana mimi jambo nisipolirudia siliamini. Ukuta ulikuwa pale pale, mnyoofu kama umepimwa kwa rula.

"Mzee Pentti," niliita. "Njoo mara moja."

Alikuja na kikombe cha kahawa mkononi. Pentti alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa viwango vya Ufini. Barua yake ndefu kuliko zote maishani ilisema "Sawa."

"Kuna kitu kinatupa pakiti kubwa," nikamwambia. "Zinazoingia kisiwani hazina shida. Ni zinazotoka tu."

"Mtandao unafanya kazi," alisema.

"Unafanya kazi kwa anayesikiliza. Anayetaka kusema maneno marefu ndiye anakwama."

Akanywa kahawa. "Huku hakuna mtu wa hivyo."

Nikamwacha, nikatoka stoo na kuingia dukani. Bibi Hilkka, anayefuga ng'ombe upande wa kaskazini, alikuwa anachagua viazi vipya.

"Bibi Hilkka, samahani. Umewahi kutuma picha kwa intaneti kutoka hapa?"

"Nilijaribu mwanzoni. Siku hizi napanda nazo feri."

"Tangu lini?"

"Tangu mtandao uje."

"Kwa hiyo unajua haupitishi picha."

"Kila mtu anajua, isipokuwa Aune, maana yeye hujibiwa." Alipunguza sauti, akatupa jicho kuelekea stoo. "Mchungaji anahubiri kwa meseji. Mwalimu anaandika barua mstari mmoja mmoja. Tumezoea."

"Na hamkumwambia Pentti?"

"Mwanangu, mtu amekufungia mtandao bure, umfuate dukani kwake kumlalamikia? Sisi si watu wa ng'ambo."

Nyuma yangu kikombe kiligonga kisahani. Pentti alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, masikio yamemwiva mpaka ncha.

Hilkka akaongeza viazi vingine kwenye mfuko, ambavyo nina hakika hakuvihitaji.

Tukarudi stoo, mimi na Pentti, nikafungua draiva ya redio.

Draiva, kwa asiyejua, ni programu ndogo inayokaa ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta na kuongea na kadi ya mtandao. Kazi yake mojawapo ni kuuambia mfumo: niletee mizigo isiyozidi ukubwa huu. Ukubwa wa kawaida ni baiti elfu moja mia tano. Kitu kikubwa kama wimbo hukatwa vipande, na kila kipande hujazwa mpaka pomoni. Barua fupi huingia kwenye kipande kimoja, tena nusu tupu.

Hii ya kwetu Pentti aliipata kwa watu wanaogawiana programu bure, akairekebisha mwenyewe ikubaliane na redio yake. Na mnara wa ng'ambo ulitaka kila pakiti ibandikwe lebo ndogo ya baiti nne, ili ujue imetoka kisiwa gani.

Nilisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Kisha nikaanza kucheka peke yangu.

"Nini?" Pentti akauliza.

"Tazama mzee. Hapa draiva inauambia mfumo: karibuni, mwisho elfu moja mia tano. Wageni wanakuja wamejipima, wako sawasawa. Wakifika mlangoni, inawavisha kofia. Baiti nne. Halafu hatua mbili mbele inawapima tena, na wanaozidi elfu moja mia tano inawatupa nje."

Pentti akainama.

"Inawafukuza kwa sababu ya kofia," alisema taratibu.

"Kofia iliyowavisha yenyewe."

Akaweka kikombe chini. Kwa Pentti hiyo ilikuwa ghasia.

"Na hapa," nikasema, "palikuwa na mstari wa kutoa taarifa kila pakiti ikitupwa. Mtu ameuwekea alama ya kuunyamazisha."

Akaikodolea macho alama ile. Mimi nikangoja. Ukiishi na Wafini unajifunza kungoja.

"Ulikuwa unajaza skrini," alisema mwishowe. "Mchana kutwa. Pakiti imezidi kikomo, imetupwa. Pakiti imezidi kikomo, imetupwa. Kama jirani anayegonga ukuta. Niliona barua zinaenda, majibu yanakuja, kila kitu shwari. Nikauambia unyamaze."

"Lini?"

"Juma lile lile nilipoufunga mtandao."

Miaka sita, jamani. Draiva ilikuwa inapiga kelele kusema ukweli, naye akaifunga mdomo kwa adabu. Watu nao wakaona tatizo, wakafunga midomo yao kwa adabu. Na kule ng'ambo, kama nilivyokuja kujua baadaye, kulikuwa na wengine wenye adabu zaidi.

Sikumlaumu. Kuna programu nyingi ninazotamani kuzinyamazisha, na zingine ni zangu mwenyewe.

Aune alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo Pentti," alisema, "umebeba besi yako miaka yote hii kuja kurekodi, kisha ukaula wimbo mwenyewe."

"Inaelekea," alisema Pentti.

"Ulikuwa mtamu?"

Pentti alitazama viatu vyake. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na la Aune likafuata, na mimi nikashindwa kabisa. Tulicheka mpaka Hilkka akachungulia kuona nani amekufa.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kudogo. Nilifungua kitabu cha maelezo ya kadi kwanza, kuhakikisha inaweza kubeba hizo baiti nne za ziada. Iliweza, na nafasi ikabaki. Basi nikauinua mlango wa draiva kwa urefu wa kofia, nikaijenga upya programu, nikaitoa ya zamani na kuiweka mpya.

Pakiti ya elfu moja mia nne na tisini na saba: ikapita.

Elfu moja mia tano: ikapita.

"Mama," nikasema, "sasa tazama taa."

Redio ya Pentti ilikuwa na taa ndogo ya kijani. Miaka yote ilikuwa inapepesa kama mzee anayesinzia. Ghafla ikawaka mfululizo, ikang'ang'ania, ikawa kama ina homa.

"Huo ndio wimbo wangu?" Aune akauliza.

"Ndio huo."

Taa ikaendelea. Wimbo mmoja hauna urefu huo. Ikaendelea tu.

Hapo nikamgeukia mwenye mtambo.

"Mzee Pentti. Seva ya barua hapa, barua ikishindwa kwenda, inafanyaje?"

"Inajaribu tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iende."

Kwa kawaida seva hujaribu siku kadhaa, kisha humrudishia mwenye barua taarifa kwamba imeshindikana. Hiyo nayo Pentti alikuwa ameizima.

"Barua itafika ikifika," alisema. "Kwa nini nimsumbue mtu?"

Nikafungua foleni ya barua. Aisee.

Kila kitu kikubwa ambacho kisiwa kiliwahi kujaribu kukisema tangu mtandao ufike kilikuwa kimejipanga pale, na sasa mlango ulikuwa wazi. Picha za ndama mgonjwa wa Hilkka zilikuwa njiani kwa daktari wa mifugo, wakati ndama mwenyewe kwa sasa alikuwa bibi mwenye wajukuu malishoni. Hotuba ya harusi ya mchungaji ilikuwa inawakimbilia watu wawili walioachana zamani. Michoro ya darasa la kwanza ilikuwa inaenda kwa mkaguzi, na wachoraji walikuwa wameshaanza kuota ndevu.

Na nyimbo za Aune. Si mmoja. Saba.

"Isimamishe," alisema Aune.

"Haisimamiki, mama. Zimeshatoka."

"Zote? Kwa siku moja? Watatuona sisi ni watu gani?"

Alikaa juu ya kreti yangu na kujifunika uso kwa aproni. Pentti alifanya jambo pekee alilolijua katika hali ya hatari: akaenda kuchemsha kahawa nyingine.

Birika la tatu la kahawa lilikuwa halijachemka simu ya duka ikaita.

Simu ya duka haiiti ovyo. Pentti akainua.

"Ndiyo," alisema. Akasikiliza. "Ndiyo." Akasikiliza sana. "Hapana." Kisha akanyoosha mkono wenye simu kwa Aune. "Ni tamasha. Mtu anaitwa Jouko. Anahema."

Aune alitikisa kichwa kukataa. Mimi nikabonyeza kitufe cha spika, na ninashukuru mpaka leo kwamba nilifanya hivyo.

"Bi Aune?" ilisema sauti. "Nimepokea nyimbo saba."

"Naomba radhi sana," alisema Aune. "Zifute. Ulikuwa mtambo."

"Subiri kidogo, bibi yangu. Ina maana kulikuwa na nyimbo?"

Aune alimtazama Pentti.

"Nilikuwa nakutumia kila mwaka," Aune alisema.

"Ulikuwa unanitumia barua. Bendi ya Kuusiluoto, wimbo unafuata. Na hakuna kilichofuata."

"Na wewe ukajibu umepokea."

"Nilipokea barua." Jouko alikohoa. "Mwaka wa kwanza tulisubiri. Tukajadiliana, tukaona si vizuri kukusumbua. Mmoja wetu akasema, labda kimya hicho ndicho wimbo wenyewe. Watu wa visiwa vya nje wana mambo yao. Basi tukauweka kwenye ratiba."

"Mkaweka nini kwenye ratiba?"

"Wimbo Unafuata, wa bendi ya Kuusiluoto. Tunautangaza, kisha tunazima spika kwa dakika tatu. Watu wanasimama. Yanasikika maji na ndege, na kamba za mashua. Mwaka wa kwanza mtu mmoja alilia. Sasa wanakuja watu kutoka mbali, bibi yangu, kwa ajili ya kipande hicho tu. Mmeshinda tuzo ya umma mara nne."

Pentti alimimina kahawa nje ya kikombe na hakujua.

"Tuzo?" alisema Aune.

"Tulizihifadhi hapa. Tuliona mtu anayetunga kitu kama kile hawezi kupenda kusumbuliwa na tuzo."

Mimi nilikuwa nimeuma kiganja nisicheke. Kisiwa kizima kilikuwa na jina ng'ambo, jina kubwa, kwa pakiti zilizotupwa kwa ajili ya kofia. Kazi bora ya bendi yetu ilikuwa imetungwa na draiva.

"Sasa niko njia panda," Jouko aliendelea. "Watu watakuja kusikiliza kimya chenu, na mimi mezani nina nyimbo saba."

Nilimwona Aune akiweka mkono kwenye kitufe cha kukatia. Alikuwa anaelekea kusema asante, kwa heri, tunza kimya chako, na jioni ile sanduku lingepanda darini. Ningeweza kuiandika sentensi yake yote kabla hajaisema.

Nikamgusa bega. "Mama. Muulize."

"Siwezi."

"Draiva ilinyamaza miaka sita. Wewe muulize."

Alivuta pumzi.

"Na nyimbo zenyewe," alisema. "Zikoje?"

Jouko akanyamaza.

Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilitazama redio kama taa bado inawaka. Pentti alifumba macho. Nikaanza kujuta kumsukuma mama wa watu.

"Samahani," ilisema sauti hatimaye. "Nilikuwa nawaza nikwambie au nisikwambie, maana ni mambo ya nyumbani. Niliufungua ule wa mwaka huu jikoni, mke wangu akikatakata majani ya kunukia kwa ajili ya viazi. Ulipofika mahali kodiani inapobaki peke yake, akaweka kisu chini. Hatujacheza dansi mimi na yeye tangu magoti yangu yaharibike. Tumeucheza mara tatu. Viazi vimeungua. Ndiyo maana nahema."

Aune aliinama juu ya simu. Alichukua kona ya aproni, akaanza kupangusa simu, pole pole, kama anavyopangusa kodiani.

"Upo, bibi yangu?"

"Nipo," alisema. "Kwa hiyo fanya hivi. Tangaza kama kawaida. Zima spika kama kawaida, watu wasikilize maji yao. Halafu, kimya kikiisha..."

"Wimbo unafuata," alisema Jouko.

"Unafuata," alisema Aune. "Safari hii kweli."

Jioni ile bendi ilifanya mazoezi kwenye ukumbi wa dansi, madirisha wazi, jua likiwa bado juu kama limesahau nyumbani. Nilibaki stoo na Pentti. Tulikuwa na kazi mbili za kumaliza: kurudisha mstari wa taarifa kwenye draiva, na kuandika maelezo ya kuwapelekea wale tuliopata programu kwao, ili kisiwa kingine mahali pengine kisimezwe.

Pentti alisema mstari ule atauandika mwenyewe. Besi ingemsubiri.

Akaandika: "Samahani sana, pakiti hii imekuwa ndefu kidogo, lakini si kosa lako, na tafadhali usihuzunike."

"Mzee," nikamwambia, "wenye programu hawataikubali hiyo. Wanataka ufupi."

"Nimekuwa mfupi miaka sita," alisema Pentti. "Umeona matokeo."

Akafuta, akaandika tena. Akafuta tena. Nje Hilkka aliita kwamba sauna, chumba cha kuogea mvuke, imeshapata joto, na kwamba daktari wa mifugo amejibu kuhusu ndama, anashauri apewe maji mengi.

Nilichojifunza ni kidogo, nanyi mkipenda kichukueni. Ukilazimika kukataa kitu cha mtu, mwambie umekikataa. Na wewe ukiona kimya, usikimbilie kudhani umekataliwa. Uliza kwanza kama ulisikika. Inaaibisha kidogo, lakini ni aibu ya muda wa kunywa kahawa moja.

Tulipotoka, mstari wa Pentti ulikuwa bado mtupu, alama mbili za kunukuu zikitazamana na nafasi kati yao ikimsubiri.

"Kesho?" nikamuuliza.

Alizima taa ya stoo, akachukua besi yake.

"Kesho," alisema. "Maneno yanafuata."